Australia ilivyoacha kuunda magari: aina nyingi, idadi ndogo

Tarehe 20 Oktoba 2017 kiwanda cha Holden cha Elizabeth, kaskazini mwa jiji la Adelaide, kilitoa gari lake la mwisho, Commodore nyekundu yenye injini ya V8, kisha kikafungwa. Siku 17 kabla ya hapo Toyota walikuwa wamefunga kiwanda chao cha Altona, Melbourne. Ford walitangulia kwa mwaka mmoja: Broadmeadows ilisimama tarehe 7 Oktoba 2016. Nchi iliyokuwa ikisubu injini zake, ikikandamiza bati zake na kuchora magari yake kwa karibu miaka 70 ikabaki kuagiza kila gari dogo linalouzwa ndani ya mipaka yake.

Ukiuliza sababu, majibu ya haraka huwa mawili: mishahara ilikuwa mikubwa mno, au serikali iliyoingia madarakani mwaka 2013 ilikataa kuongeza ruzuku. Yote mawili yana ukweli ndani yake, ila hayaelezi kwa nini kampuni tatu zenye hali tofauti zilitangaza kufunga ndani ya miezi tisa. Ninavyoona mimi, ugonjwa ulikuwa wa idadi. Aina za magari zilikuwa nyingi mno kwa soko dogo, kila aina ikaundwa kwa kiasi kisichoweza kulipia mitambo yake. Ugonjwa huo ulikuwapo tangu miaka ya 1960. Ushuru mkubwa wa forodha ulikuwa ukiuficha.

Kwetu Afrika Mashariki, viwanda vya magari vikizungumzwa, lawama hukimbilia mitumba ya Japani. Australia haikuwa na mitumba ya kulaumu. Kwa miaka mingi gari lililotumika lilitozwa, pamoja na ushuru wa kawaida, ushuru maalumu wa dola 12,000 likiingizwa nje ya misamaha michache iliyowekwa kisheria. (Dola zote humu ni za Australia, isipokuwa nikitaja za Marekani.) Mlango huo ulifungwa karibu kabisa, na bado viwanda vikafa. Kwa hiyo yeyote anayefuatilia viwanda vya magari vya Thika, Mombasa au Kibaha ana sababu ya kukipitia kisa hiki taratibu.

Kuunda na kuunganisha

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo magazeti huzichanganya. Kiwanda cha kuunganisha, kama vilivyoanzishwa Kenya miaka ya 1970 huko Nairobi, Thika na Mombasa, hupokea masanduku. Ndani mna bati za bodi zilizokwisha kukandamizwa ng'ambo, injini na giaboksi zikiwa kamili, ekseli, nyaya na dashibodi. Mafundi huchomelea bodi, hupaka rangi, hufunga injini na kumalizia ndani. Vya kununua nchini ni vitu kama betri, springi za majani, vioo na siti.

Australia ilikuwa imevuka hatua hiyo zamani. Vizuizi vya uagizaji vya mwaka 1917, wakati wa vita, viliifanya kazi ya kuunda bodi iwe biashara kubwa. Kampuni ya Holden, iliyoanza kama duka la matandiko ya farasi Adelaide mwaka 1856, ndiyo iliyokua zaidi, ikaunganishwa na General Motors mwaka 1931. Tarehe 29 Novemba 1948 Waziri Mkuu Ben Chifley alizindua Holden 48-215 huko Fishermans Bend, Melbourne: gari la silinda sita, lita 2.15, lililoundwa kwa ajili ya barabara za vumbi na masafa marefu. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ikaweka mpango wa kuwataka watengenezaji wafikishe asilimia 95 ya vipuri vya ndani, na aliyekubali alipata nafuu ya ushuru. Kwa hiyo karibu kila kitu, kuanzia bloku ya injini hadi kitasa cha mlango, kilitengenezwa humo humo.

Hapo ndipo gharama zilipojificha. Chukua bati la nje la mlango mmoja. Koili ya chuma chembamba, unene wake chini ya milimita moja, hukatwa vipande. Kipande huingia kwenye mashine ya kukandamiza mara nne au tano, na kila mara kalibu ni nyingine: ya kwanza hulipa bati umbo, ya pili hukata kingo, ya tatu hutoboa matundu, zinazofuata hukunja pindo. Kila kalibu ni jozi ya vyuma vigumu vyenye uzito wa tani kadhaa, na kuichonga na kuijaribu huchukua miezi. Bati likishikwa kwa nguvu ndogo mno pembeni, linakunjamana. Likishikwa kwa nguvu kubwa mno, linapasuka kwenye kona. Na hata likitoka zima hurudi nyuma kidogo baada ya mashine kuliachia, kwa hiyo kalibu hulazimika kuchongwa upya kufidia mrejeo huo. Kazi hii yote ni ya mlango mmoja. Mlango wa nyuma una kalibu zake, na upande wa kulia haufanani na wa kushoto.

Gharama ya kalibu hizo haibadiliki ukikandamiza milango 30,000 au 300,000. Ni vivyo hivyo kwa fremu za kushikilia bodi inapochomelewa, ambako gari moja hupata maelfu ya nukta za kulehemu. Ni vivyo hivyo kwenye rangi: bodi huoshwa, huzamishwa kwenye rangi ya kuzuia kutu inayoshikishwa kwa umeme, hupita kwenye tanuri la nyuzi joto kama 180, kisha hufuata kinga ya viungio, rangi ya msingi, rangi yenyewe na varnishi ya juu. Tanuri linawashwa kwa moto ule ule, yapite magari 400 kwa siku au 200.

Sasa tupige hesabu. Kuunda Commodore ya kizazi kilichoitwa VE, iliyotoka mwaka 2006, kuligharimu zaidi ya dola bilioni 1. Tuchukue bilioni moja kamili, na tuseme kizazi kinadumu miaka saba. Ukiuza magari 100,000 kwa mwaka, kila gari linabeba kama dola 1,430 za gharama hiyo. Ukiuza 50,000, linabeba 2,860. Ukiuza 25,000, linabeba zaidi ya 5,700, kabla hujanunua hata kilo moja ya chuma wala kumlipa fundi hata mmoja. Commodore iliuza zaidi ya magari 94,000 nchini Australia mwaka 1998. Mwaka 2012 iliuza kama 30,000. Mwaka 2013 mkuu wa Holden, Mike Devereux, alisema kuunda gari Australia kunagharimu dola 3,750 zaidi kuliko kwingine. Wengi waliisikia kauli hiyo kama malalamiko juu ya mishahara. Mishahara ilikuwamo, lakini ukiilinganisha na hesabu ya hapo juu utaona kwamba idadi peke yake inaweza kula sehemu kubwa ya pengo hilo.

Ukuta wa ushuru na kilichokua nyuma yake

Mwaka 1975 serikali iliweka mgawo uliotengea magari ya ndani asilimia 80 ya soko. Ushuru ulipanda hadi asilimia 57.5. Nyuma ya ukuta huo kila kampuni iliona inafaa kufungua kiwanda, kwa kuwa kuingiza gari kamili kulikuwa ghali na kuuza lililoundwa ndani kulikuwa na faida hata kwa idadi ndogo. Ford walikuwa Broadmeadows na Geelong, Holden wakiwa Elizabeth, Dandenong na kwingineko. Chrysler walikuwa Tonsley Park, Adelaide, kiwanda kilichochukuliwa na Mitsubishi mwaka 1980. Nissan walikuwa Clayton. Toyota walikuwa Melbourne. Leyland walikuwa wamekwisha kufunga Sydney katikati ya miaka ya 1970, baada ya gari lao la P76 kushindwa.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 watengenezaji watano walikuwa wakiunda aina 13 za magari kwa nchi yenye watu kama milioni 15. Siku hizi wataalamu wa viwanda hutaja magari 200,000 hadi 300,000 kwa mwaka kuwa kiwango ambacho kiwanda kimoja kinaanza kufanya kazi kwa gharama nafuu. Hata baadaye, kampuni zilipopungua, hakuna kiwanda cha Australia kilichokikaribia kiwango hicho kwa muda mrefu.

Waziri wa Viwanda John Button aliuona ugonjwa huu waziwazi, na kwa maoni yangu hakuna mwanasiasa mwingine wa Australia aliyeuelewa kama yeye. Mpango wake, ulioanza miaka ya 1984 na 1985, ulilenga kubakisha makundi matatu ya watengenezaji na aina sita za magari. Mgawo wa uagizaji ulifutwa mwaka 1988, ushuru ukashuka hadi asilimia 45, kisha ukapunguzwa pointi 2.5 kila mwaka. Anayeunda aina ya gari kwa idadi ndogo alipata adhabu.

Shabaha ilikuwa sahihi, lakini njia ambayo kampuni ziliichagua ikaharibu. Badala ya kuacha aina za magari, zilibadilishana nembo. Commodore ya Holden iliuzwa na Toyota kwa jina la Lexcen. Camry ya Toyota iliuzwa na Holden kwa jina la Apollo, na Corolla kwa jina la Nova. Pintara ya Nissan ikawa Corsair ya Ford. Kwenye karatasi idadi ya aina ilipungua. Wateja lakini waliitambua Commodore hata ikiwa na nembo ya Toyota, wakaendelea kuinunua kwa Holden. Ushirika wa Holden na Toyota ulivunjika katikati ya miaka ya 1990. Nissan walifunga Clayton mwaka 1992. Wakabaki wanne, mmoja zaidi ya Button alivyokusudia.

Ushuru uliendelea kushuka: asilimia 15 mwaka 2000, 10 mwaka 2005, 5 mwaka 2010. Katika kushuka huko mlikuwa na pengo ambalo halitajwi vya kutosha. Wakati magari ya kawaida yakilindwa kwa asilimia 15, magari ya 4x4 yalitozwa asilimia 5 tu, kana kwamba ni zana za wakulima. Wanunuzi wa mjini wakafuata bei. Soko likaondoka kwenye magari makubwa ya familia ya silinda sita, ambayo ndiyo viwanda vya Australia vilijua kuunda, likaenda kwenye 4x4, kwenye magari madogo ya mafuta kidogo na kwenye pikapu za milango minne, ambazo karibu zote zilitoka nje. Ford walijibu kwa kuunda Territory mwaka 2004, gari zuri la familia juu ya msingi wa Falcon, gari lao kubwa la silinda sita, na likauzika sana. Lakini Falcon yenyewe iliporomoka, kutoka zaidi ya 70,000 mwaka 2003 hadi kama 14,000 mwaka 2012. Mwaka 1995 ilikuwa imepita 80,000.

Mkataba wa biashara huria na Thailand ulioanza Januari 2005 ukazidisha. Pikapu na magari ya Thailand yaliingia Australia bila ushuru. Territory ilipotaka kwenda upande wa pili ilikutana na kodi ya bidhaa ya Thailand, inayopanda kwa ukubwa wa injini, na injini ya Territory ilikuwa ya lita 4. Mkataba ulifuta ushuru wa mpakani, ile kodi ya ndani ukaiacha ilivyo. Aliyeusaini mkataba huo kwa upande wa Australia angepaswa kusoma sheria ya kodi ya Thailand kwanza.

Kuuza nje ili idadi itoshe

Kama soko la ndani halitoshi, dawa ni kuuza nje. Holden na Toyota walijaribu kwa dhati, na hapa baadhi ya wasomaji walioko Muscat, Dubai au Jeddah wataanza kuyatambua magari yenyewe. Chevrolet Caprice kubwa iliyokuwa ikibeba wakubwa wa Ghuba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 iliundwa Elizabeth. Chevrolet Lumina, ile waliyoipenda vijana wa kuserereka kwenye lami, ilikuwa Commodore iliyobadilishwa jina. Camry nyingi za Ghuba nazo zilitoka Altona, na kwa miaka kadhaa zaidi ya nusu ya uzalishaji wa kiwanda hicho ilipakiwa melini. Kwa kuwa Ghuba wanaendesha kulia kwa barabara, magari hayo yaliundwa na usukani upande wa kushoto, yakipita kwenye laini moja na yale ya nyumbani yenye usukani wa kulia. Dashibodi, bomba la usukani, nyaya za mbele, pedali na wipa vyote hubadilika. Laini inayochanganya hivyo huhitaji vipuri zaidi pembeni yake na umakini zaidi wa mafundi, maana kipuri cha upande usio wake kikifungwa, gari huvuliwa mwishoni.

Altona ilifikia karibu magari 150,000 mwaka 2007. Holden walipeleka Marekani Pontiac GTO, kisha Pontiac G8. Kiwanda chao cha injini za V6 huko Port Melbourne, kilichofunguliwa mwaka 2003 kwa dola milioni 400, kilituma bloku hadi Italia kwa ajili ya Alfa Romeo. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kweli ya kupona: vitu vichache, kwa wingi, kwa dunia nzima.

Ikavunjwa na mambo mawili. La kwanza, General Motors ilifilisika Juni 2009, nembo ya Pontiac ikafutwa, na mkataba wa G8 ukafa nayo. Holden hawakuwa na la kusema. Soko lao la Marekani liliamuliwa Detroit, makao makuu ya General Motors. Udhaifu huu ni wa kila kiwanda kinachomilikiwa na mzazi wa mbali: hata kikifanya vizuri, hakiamui kiuze wapi.

La pili ni dola. Aprili 2001 dola ya Australia ilishuka chini ya senti 50 za Marekani. Julai 2011 ilifika kama dola 1.10 za Marekani, kwa sababu China ilikuwa ikinunua chuma ghafi na makaa ya mawe ya Australia kwa bei za juu sana. Gari linalouzwa nje kwa dola 20,000 za Marekani lilimrudishia mtengenezaji dola 40,000 za nyumbani mwaka 2001. Miaka kumi baadaye, kwa bei ile ile, lilimrudishia kama 18,200. Hakuna fundi, hata afanye kazi bure, anayeweza kuziba shimo hilo. Na upande wa pili, gari la Japani, Korea au Thailand likawa rahisi zaidi kwa mnunuzi wa Sydney. Utajiri wa migodi ulipandisha bei ya fedha ya nchi, na fedha hiyo ndiyo iliyokaba viwanda.

Bolti

Mnyororo wa vipuri ndio ulioamua mwisho, nao ndio sehemu ya kisa hiki inayosahauliwa zaidi. Gari moja lina maelfu ya vipuri, na sehemu kubwa hutengenezwa na kampuni nyingine: siti, breki, rimu, vioo, nyaya, bolti na nati. Kampuni hizi Australia ziliwauzia Holden, Ford na Toyota kwa pamoja, kwa sababu hakuna mmoja wao aliyekuwa na idadi ya kutosha kuziweka hai peke yake.

Agosti 2006 kampuni ya bolti ya Melbourne, Ajax, ilifilisika. Ilionekana jambo dogo, lakini bolti ya gari haipatikani dukani. Ile inayoshika mkono wa springi au nguzo ya usukani ina daraja lake la ugumu, mipako yake, na kipimo cha kukazwa kilichojaribiwa na kuandikwa. Kumpata mtengenezaji mwingine, kupima sampuli, kuidhinisha na kusubiri meli ni kazi ya miezi, na viwanda vya kisasa huweka akiba ya saa au siku chache tu. Watengenezaji wa magari walilazimika kutoa fedha zao ili Ajax iendelee kutoa bolti, vinginevyo laini zingesimama.

Sasa fikiria mtengenezaji wa siti anayeuza seti kwa kampuni tatu. Ya kwanza ikiondoka, mashine na pango lake vinabaki vile vile, na bei ya kila siti iliyobaki lazima ipande. Ikipanda, kampuni ya pili inaanza kupoteza fedha. Hivi ndivyo ilivyotokea, na tarehe zenyewe zinaonyesha. Ford walitangaza tarehe 23 Mei 2013, wakisema wamepoteza dola milioni 600 kwa miaka mitano na kwamba gharama zao Australia ni mara mbili ya Ulaya na karibu mara nne ya Asia. Tarehe 10 Desemba Waziri wa Hazina Joe Hockey aliwataka Holden, ndani ya Bunge, waseme wazi kama wanabaki au wanaondoka. Kesho yake General Motors ikatangaza kufunga. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi usiku mmoja, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Hockey ndiye aliyeiua Holden. Alichofanya ni kufunga mlango wa mazungumzo. Tarehe 10 Februari 2014 Toyota nao wakatangaza.

Toyota ndio wanaoniuma zaidi. Walikuwa na gari lililosanifiwa kwa dunia nzima, hivyo gharama za usanifu ziligawanywa kwingine, na idadi yao ilikuwa bora kuliko ya wenzao. Desemba 2012 walikuwa wamefungua kiwanda kipya cha injini za silinda nne Altona, kilichogharimu zaidi ya dola milioni 300. Miezi 14 baadaye walitangaza kuondoka. Walitaja dola kali, gharama na mikataba ya biashara, lakini pia walitaja jambo lile lile: wauzaji wa vipuri wasingebaki kwa ajili ya kampuni moja.

Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa Tonsley Park. Mitsubishi walizindua gari la 380 mwishoni mwa mwaka 2005: bodi kubwa, injini ya lita 3.8, katika miaka ambayo bei ya petroli ilikuwa ikipanda. Waliuza Australia na New Zealand tu. Kufikia kufungwa, tarehe 27 Machi 2008, zilikuwa zimeundwa kama 32,000 kwa jumla. Kiwanda chenye mashine za kukandamiza, sehemu ya rangi na laini nzima hakiishi kwa idadi hiyo, hata ruzuku iwe kubwa kiasi gani. Tume ya Tija ya serikali ilikadiria mwaka 2014 kwamba sekta ilipata msaada wa takriban dola bilioni 30 kati ya mwaka 1997 na 2012. Fedha hizo zilinunua miaka. Idadi ya magari kwa kila kalibu zilishindwa kuiongeza, kwa sababu zilitolewa kwa kila aliyekuwapo, kila mmoja akabaki na gari lake.

Waliobaki

Kwa wafanyakazi, tofauti kubwa kati ya Tonsley na Elizabeth ilikuwa muda. Mitsubishi walitoa taarifa ya wiki chache. Ford, Holden na Toyota walitoa miaka mitatu au zaidi, na katika miaka hiyo watu walipimwa ujuzi wao, wakapewa vyeti vinavyotambulika nje ya kiwanda, wakasomeshwa wakiwa bado wanalipwa. Mtu aliyechomelea kwa miaka 20 bila karatasi hana thamani kwa mwajiri mpya hadi apate karatasi. Utafiti uliowafuatilia wafanyakazi wa Mitsubishi ulionyesha kwamba takriban theluthi moja tu walipata kazi ya kudumu ya muda wote. Wengine waliokota vibarua au waliacha kabisa kutafuta. Elizabeth, mji uliojengwa kuzunguka viwanda, ulibeba mzigo mzito zaidi, na wafanyakazi wa kampuni za vipuri walipata msaada mdogo kuliko wale wa Holden wenyewe, ingawa walipoteza kazi kwa sababu ile ile.

Jina la Holden lenyewe General Motors ililifuta kwa tangazo la Februari 2020. Ford walibakisha wahandisi na uwanja wa majaribio wa You Yangs karibu na Geelong. Pikapu ya Ranger iliyotoka mwaka 2011, ambayo utaiona Nairobi na Dar es Salaam, ilisanifiwa Australia na kuundwa Thailand na Silverton, Afrika Kusini.

Viwanda vilivyosalia vinaeleza mengi kuliko vilivyokufa. Nissan walipofunga Clayton mwaka 1992 walibakisha kiwanda cha kusubu alumini huko Dandenong. Hakiundi gari hata moja. Kinasubu vipuri vichache kwa wingi mkubwa na kuvisafirisha kwenda viwanda vya Nissan duniani, pamoja na vya gari la umeme la Leaf. Na malori hayajaondoka: Kenworth wanaunda Bayswater, Melbourne, na Volvo pamoja na Mack huko Wacol, Brisbane. Lori halihitaji bodi ya bati zilizokandamizwa kwa kalibu za mamilioni. Msingi wake ni chasisi ya vyuma viwili virefu inayotobolewa matundu kulingana na oda, kabini hufungwa juu, na mteja huchagua injini, ekseli, matangi na urefu. Kwa nchi yenye malori yanayovuta trela tatu jangwani kwa umbali wa mamia ya kilomita, lori la kawaida kutoka Ulaya laweza kupasuka rejeta au kuchosha ekseli, hivyo mteja hukubali kulipa zaidi kwa lililoundwa kwa kazi yake. Idadi ndogo hapo si ugonjwa.

Kenya nayo iko hivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Viwanda vya Nairobi na Mombasa vimeishi kwa malori, mabasi na pikapu, na mafundi wa bodi za mabasi wamekuwa wakijenga juu ya chasisi hizo kwa miaka mingi, wakati kila jaribio la kurudisha gari dogo la familia limeshindwa kufikisha idadi. Anayeandika sera mpya ya magari hapa kwetu na aanze na swali la aina ngapi za magari na mangapi ya kila aina, kabla hajagusa viwango vya ushuru.